Jibu: Programu ya COBOL inayokatika kwa S0C7

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba programu yako ya COBOL inakompailiwa bila kosa kwenye z/OS (mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM), lakini ikiendeshwa inakatika kwa S0C7 inapofika kwenye jumla ya mishahara, nawe umeanza kujiuliza iwapo kazi za kompyuta kuu zinakufaa.

Msimbo huo unamaanisha kwamba mashine imeagizwa kupiga hesabu kwenye sehemu isiyo na namba halali. Kwa hiyo iache fomula kwanza, uanze na faili. Kama uliihamisha kwa FTP (njia ya kutuma faili kati ya kompyuta) katika hali ya maandishi, kila baiti ilibadilishwa kutoka ASCII, usimbaji wa herufi wa kompyuta za kawaida, kwenda EBCDIC, ule wa kompyuta kuu, na sehemu za COMP-3, ambazo si herufi bali tarakimu zilizobanwa mbili mbili katika baiti, ziliharibika pamoja na nyingine. Mimi hupeleka tarakimu za kawaida, kisha naiachia programu yenyewe izibane.

Faili ikiwa salama, linganisha urefu wa kila sehemu na maelezo ya rekodi, kwa sababu kukosea baiti moja husogeza kila kinachofuata. Tazama pia vijumlishi vyako katika WORKING-STORAGE, sehemu ya programu inayotangaza vigeu vyake: je, vyote vina VALUE ZERO? Kabla ya ADD, weka sharti la IF NUMERIC na uichapishe kwa DISPLAY rekodi inayokataliwa. Ni njia ya kizamani, lakini hunifikisha mapema kuliko kusoma dampo, yaani nakala ya kumbukumbu ya mashine programu inapokatika.

Kuhusu ajira, kufuatilia makosa ya namna hii katika programu zilizoandikwa na wengine ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Ukikwama tena, bandika hapa maelezo ya rekodi pamoja na JCL yako (maagizo ya kuiendesha programu).