Nawasikia ndege kinamasini, siwaoni

SWALI: Mhariri, majira haya ya kuchipua huingia kinamasini saa mbili asubuhi nikiwa na darubini ya 10x42. Milio iko kila upande, lakini ninaowaona ni bata tu. Tena lenzi hujaa ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Umechelewa. Madume huanza kuimba jua likiwa bado halijachomoza, na kufikia saa mbili wengi wameshapunguza. Ingia nusu saa kabla ya macheo, ukianzia upande wa mashariki ili ulipe jua mgongo. Ukilielekea, kila ndege atakuwa kivuli cheusi.

Kosa kubwa zaidi, tunavyoona, ni kutembea mno. Ndege wa matete hujificha ukipita na hutokeza ukitulia. Tafuta upenyo wenye maji kati ya matete, simama dakika 15, na ukodolee pale matope yanapogusa mashina, maana ndipo wanapokatiza mbio. Kagua pia matete yenyewe: wako jamaa wa korongo wenye michirizi ya kahawia ambao wakishtuka husimama wima, mdomo juu, na jicho huwapita likidhani ni majani makavu.

Darubini yako hukuza ndege mara 10, na mtetemo wa mikono vilevile. Namba 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 10: mwanga unaolifikia jicho una upana wa milimita 4.2. Ya 8x42 hutoa 5.25, na alfajiri tofauti hiyo huonekana. Lakini usikimbilie kununua nyingine. Bana viwiko mbavuni kwanza. Ukimwona ndege usimwondolee macho, darubini ndiyo iyafuate.

Ukungu wa nje hutokana na pumzi na joto la uso kwenye kioo baridi, basi iteremshe darubini kila baada ya muda mfupi. Ukungu ukiwa ndani ya lenzi, unyevu umepenya: hiyo ni kazi ya fundi. Na ukijipaka dawa ya mbu yenye DEET, nawa viganja kabla ya kuishika. Kemikali hiyo hula plastiki na mpira.

SWALI: Nikicheza mlio uliorekodiwa kwenye simu, watatokeza?

JIBU: Huenda, lakini usifanye hivyo. Msimu huu dume hudhani mpinzani kavamia eneo lake, akaacha kula aje kupigana na simu. Na ukimwona ndege ana mdudu mdomoni, analia bila kukoma, umekaribia kiota chake. Rudi ulikotokea, kwa njia ileile.