Utafiti wa Uchumi wa Mazingira Utamfikiaje Mwenye Kuamua?

Msomaji mmoja anayesomea uchumi wa mazingira ameniandikia kwa uchungu: tasnifu yake kuhusu kodi ya kaboni, yaani kodi inayotozwa kwa kutoa hewa ya ukaa, ilisifiwa na wasahihishaji, lakini ofisi ya serikali aliyoipelekea haikumwambia hata kwamba imeipokea. Anauliza kama kazi yetu ina faida yoyote nje ya maktaba. Ninamjibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotamani kuona hesabu zenu zikigeuka kanuni, na kwa sababu jambo hilo limewahi kunifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Utafiti wangu ulihusu ruzuku ya umeme kwa wakulima wanaovuta maji ya visima kwa pampu. Kipindi cha kukusanya takwimu nakiruka, maana hakina utamu wowote. Umeme ukikaribia kuwa wa bure, mkulima hana sababu ya kuzima pampu. Maji ya ardhini yanashuka, pampu zenye nguvu zaidi zinahitajika, na umeme unaotumika unaongezeka ilhali mavuno hayaongezeki kwa kiasi hicho. Tena, kwa kuwa ruzuku hufuata umeme uliotumika, fungu kubwa humwendea mwenye shamba kubwa. Nilipendekeza mkulima apewe fedha taslimu kwa kiwango kisichobadilika, kisha anunue umeme kwa bei yake halisi.

Kikaoni, afisa mwandamizi alizipita kurasa za mbinu bila kuzitazama, akaweka kidole kwenye jedwali la mwisho na kuuliza: "Nani ataumia mwaka wa kwanza?" Jibu nilikuwa nalo, limepangwa kwa ukubwa wa shamba, na kikao cha nusu saa kikachukua asubuhi nzima. Baadaye pendekezo liliingia katika rasimu ya sera. Jedwali langu lilikuwamo kama lilivyo, na hata ile nyota niliyoiweka pembeni ya safu ya tatu ilikuwapo, ingawa tanbihi yake ilikuwa imeachwa pamoja na jina langu. Nafurahi kwamba pendekezo lilipita. Lakini wanaosema mtafiti hana haja ya kutajwa hawajawahi kukesha na takwimu.

Basi anza na swali la anayeamua. Wizara ya fedha haiulizi kama mabadiliko ya tabianchi yana madhara. Inauliza ni kiasi gani, kwa nani na lini. Hapo ndipo uchumi wa mazingira una nguvu, na hapo ndipo unaweza kupotosha. Chukua kiwango kinachotumika kupunguza thamani ya hasara za baadaye. Hasara ya 1,000 itakayotokea baada ya miaka 100 ina thamani ya takriban 138 leo ukitumia asilimia 2 kwa mwaka, 52 ukitumia asilimia 3, na chini ya 8 ukitumia asilimia 5, ingawa mafuriko ni yaleyale. Ndiyo maana wachumi William Nordhaus na Nicholas Stern, ambaye ripoti yake kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi ilitoka mwaka 2006, walitofautiana sana kuhusu kasi ya kupunguza hewa ya ukaa, ijapokuwa wote walitaka ipunguzwe. Ndiyo pia sehemu ya sababu makadirio ya serikali ya Marekani kuhusu hasara inayoletwa na kila tani ya hewa ya ukaa yalipanda kutoka dola 51, kwa asilimia 3, hadi takriban dola 190 mwaka 2023, kwa asilimia 2. Anayeficha kigezo hicho kwenye kiambatisho asilalamike akipuuzwa.

Fuatilia pia madhara yanayovuka mpaka wa wizara moja. Mwaka 2009 jimbo la Punjab nchini India lilipitisha sheria ya kuchelewesha upandikizaji wa mpunga ili kuokoa maji ya ardhini. Mavuno nayo yakachelewa, wakulima wakabaki na siku chache za kuandaa shamba kwa ngano, na uchomaji wa mabua ya mpunga, njia yao ya kusafisha shamba upesi, ukasogea hadi majira ambayo moshi hautawanyiki upesi. Nchini Meksiko, mpango wa kubadilisha vifaa vikuukuu ulipunguza umeme kwa takriban asilimia 8 kwa waliopata friji mpya, lakini waliopata viyoyozi vipya walitumia umeme mwingi zaidi kuliko awali. Mhandisi alipima kifaa; ilibidi mchumi ampime mtumiaji.

Ushauri mwingine ni kuanza na swali la anayeamua. Najua nimeshalisema, ila wengi wenu mtatikisa kichwa kukubali, kisha mtarudi kwenye milinganyo yenu na kulaumu siasa. Siasa ndiyo kazi yenyewe! Wewe uliyeniandikia, kodi ya kaboni unayoipendekeza inamgusa mpishi, dereva na mwenye kiwanda, na hakuna waziri atakayeitetea bila kujua fedha zinarudi wapi. Sweden ilipoianzisha mwaka 1991 ilipunguza kodi ya mapato katika mageuzi hayohayo. Ongeza safu inayoonyesha kaya maskini zitarudishiwa nini, fupisha yote yawe kurasa mbili, na uyapeleke kabla wizara haijafunga mapendekezo ya bajeti, hata kama wahakiki wa jarida bado hawajakujibu.