Hataza ya mashine ya kuvunia na ya programu ya ujumbe

Ndugu yetu wa Masindi, umeuliza kama mashine yako ya kuvunia mahindi na programu yako ya kutumiana ujumbe kazini zinaweza kupata hataza, yaani haki ya kipekee ambayo serikali humpa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Mashine ina njia nyoofu zaidi, kwa kuwa kinacholindwa si wazo la kuvuna bali muundo unaoitekeleza kazi hiyo. Ndiyo maana Obed Hussey alipata hataza ya mashine ya kuvunia nafaka nchini Marekani mwaka 1833, na Cyrus McCormick naye akapata yake mwaka 1834. Wasilisha ombi URSB, ofisi ya usajili ya Uganda iliyoko Kampala, au ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, ukiitaja Uganda kuwa nchi unayotaka ulinzi, kabla ya kuipeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo ya Jinja, maana sharti la upya hudai uvumbuzi uwe haujajulikana hadharani, na mwenye pupa anaweza kujiharibia.

Programu ni ngumu zaidi. Kwa mfano, mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni iitwayo Alice, kwamba kuliendesha wazo dhahania kwa kompyuta ya kawaida hakutoshi kupata hataza. Kwa maoni yangu, msimbo wako uulinde kwa hakimiliki, ambayo haidai ombi lolote, na ada uzielekeze kwenye mashine.