Jibu: Jivu la makaa ya mawe na mionzi

Salama ndugu. Umeuliza kama kuishi kilomita 2 kutoka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kuna hatari ya mionzi, na kama lile jivu la bure linafaa kujazia sakafu. Nimezoa jivu hilo miaka kadhaa, basi naanza nalo.

Makaa yana urani na thoriamu (metali zenye mionzi) kidogo tu, kama udongo wa kawaida. Yakiungua, kaboni inaondoka, madini yanabaki. Jivu linaweza kuwa na mionzi mara 10 hivi ya makaa yenyewe. Laini kama poda, ukilikanyaga linapanda hadi magotini. Sisi tulilimwagia maji kwanza.

Moshi usikunyime usingizi, mradi vichujio vya bomba la moshi vinafanya kazi: dozi yake ni sehemu ndogo sana ya milisivati (kizio cha dozi ya mionzi) 2.4 anazopata mtu kwa wastani kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili. Mimi ningehofia zaidi vumbi mapafuni.

Sakafu usijazie. Radiamu iliyomo, itokanayo na urani, hutoa radoni, gesi yenye mionzi isiyo na harufu, na chumba kisichopitisha hewa huikusanya. Ulizia kwanza kama jivu limepimwa maabara. Hicho kifaa cha mkononi cha kupima mionzi ulichosema unacho si cha kupima radoni.