Maharage hayaivi Njombe? Mwacheni muuza mkaa

Mleta uzi anasema amehama Dar kwenda Njombe, na sasa maharage yanakaa jikoni tangu asubuhi, mkaa unaisha, na bado yanagonga jino. Majirani wanamwambia atie magadi. Mumewe amekataa, anasema magadi yanakula sufuria na kuleta magonjwa. Naona wengi mmemshauri abadilishe muuza mkaa. Mnamwonea bure huyo muuza mkaa.

Mimi nimezaliwa Tukuyu na kazi yangu ni maabara ya shule hapa Mbeya, kwa hiyo hili jambo nalijua kwa pande zote mbili, jikoni na kazini. Chukua kipimajoto cha maabara, kitumbukize kwenye maji yanayotokota hapa mjini: kinasimama kwenye digrii 94 na ushee. Ongeza mkaa, pepea, chochea mpaka kifuniko kirukeruke. Kimegoma palepale. Wanafunzi kila mwaka wanadhani kipimajoto ni kibovu, kwa sababu kitabu kimewaambia 100.

Kitabu hakijadanganya, kinazungumzia usawa wa bahari. Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata nguvu sawa na mgandamizo wa hewa inayoyakalia juu. Ukiwa Kariakoo hewa hiyo ni nzito. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mvuke unatoka mapema. Hesabu ya haraka ni digrii moja inapungua kwa kila mita 300 hivi. Njombe mko juu kuliko sisi, kwa hiyo maji yenu yanachemkia kwenye 93 au karibu na hapo, na ukipanda Kitulo, mita 2,600, ni kama 91. Na maji yakishachemka, moto wa ziada hauongezi joto, unayageuza kuwa mvuke tu. Huo ndio mkaa wako unaopotea, dada.

Digrii sita au saba zinaonekana kidogo, lakini kwa harage ni nyingi. Chembe za harage zimeshikamana kwa kitu kinaitwa pektini, na pektini imefungwa na kalisiamu na magnesiamu. Kuiva ni kule kuachia kwa gundi hiyo, na kasi yake inashuka vibaya joto likipungua kidogo tu. Ndiyo maana maji ya chumvichumvi ya kisima nayo yanasumbua, hasa penye mawe ya chokaa kama upande wa Songwe kunakochomwa chokaa. Ukiona birika lako lina ukoko mweupe ndani, maji yako yana kalisiamu, nayo inazidi kuikaza ile gundi. Pikia maji ya mvua uone tofauti. Halafu uliza umri wa maharage: yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu yanakuwa sugu, hata yawe yale ya njano mazuri ya Uyole.

Sasa magadi. Majirani wako sahihi. Magadi ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu. Sodiamu inachukua nafasi ya kalisiamu kwenye pektini, na ule ukali wake unaoteleza mkononi unaiyeyusha gundi haraka. Bibi yangu hakununua magadi; alichuja maji kwenye majivu, ambayo yana kaboneti ya potasiamu, kazi ni ileile. Ukitaka kuuona huo ukali kwa macho, dondoshea maji ya magadi kwenye juisi ya rozela isiyo na sukari. Wekundu unakufa mbele yako, inageuka rangi ya ajabu kama kijani kilichochafuka.

Na mumeo hajakosea pia. Sufuria zetu za alumini zinalindwa na utando mwembamba sana wa oksaidi. Magadi ya moto yanauyeyusha utando huo, kisha yanaishambulia alumini yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni. Weka bonge la magadi kwenye sufuria chakavu yenye maji ya moto, utaona viputo vidogo vimejipanga ukutani hata kabla maji hayajachemka. Kinachomomonyoka hapo kinaishia kwenye mchuzi. Magadi pia yanaua vitamini B1, na yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni.

Kwa hiyo magadi yaishie kwenye kuloweka. Nusu kijiko cha chai kwa kilo, kwenye ndoo ya plastiki, usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo (na gesi ya tumboni inapungua), suuza, pika kwa maji mapya. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive, maana uchachu unakaza pektini. Chumvi haina neno. Yakishachemka vizuri kama nusu saa, punguza moto, funika, yaache yatokote polepole. Hayaivi kwa fujo. Ila hayo maharage mekundu msiyale yakiwa nusu mbichi, yana sumu inayotapisha ambayo huharibiwa na kuchemka barabara.

Ukiweza, nunua sufuria ya presha. Inaufungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, na maji yanafika kati ya digrii 115 na 120 hata huko Njombe. Pesa yake inarudi kwenye mkaa.

Nje ya mada kidogo, kwa ajili ya miezi ya baridi kama Juni: kupika kwa muda mrefu kunawashawishi watu kuingiza jiko ndani ili wapate na joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko libaki nje, baridi tutajifunika blanketi.

Sufuria ya alumini iliyokwisha kuwa nyeusi ndani usiitupe. Chemshia maji yenye vipande vya ndimu, itang'aa.