Futa kwanza hicho kibasi cha saa nane mchana, zawadi tutaongea baadaye

Mkuu futa hicho kibasi. Nimesoma uzi wako wote wa hiyo safari yenu ya kanisa kwenda Guatemala, umeuliza zawadi, mavazi, sadaka, kupiga picha, sijui namna ya kutoa salamu mbele ya watu, vyote nimeviona, ila kilichonitoa kitandani saa hizi nije kuandika ni kale kamstari ulikokaweka katikati kama vile si kitu, kwamba Jumapili mnaabudu na kanisa wenyeji pale Xela halafu saa nane mchana mnapanda kibasi cha watalii kwenda jiji la Guatemala muwahi ndege ya usiku. Hiyo ratiba naijua. Na mimi nilipewa karatasi yenye ratiba ya hivyo hivyo, imechapwa safi, ina mpaka nembo ya kanisa letu juu, na iliniharibia vitu ambavyo tiketi mpya haivirudishi.

Kwa wasiojua, Xela ndiyo Quetzaltenango, huko milimani magharibi mwa Guatemala, Amerika ya Kati, mita kama 2,330 juu ya usawa wa bahari, jina refu lipo kwenye ramani tu, mtaani kila mtu anasema Xela. Kutoka hapo mpaka jiji kuu ni kilomita kama 200. Sasa Mtanzania ukimwambia 200 anasema aah Dar-Moro hiyo, masaa matatu tumefika. Thubutu. Unatoka mpaka Cuatro Caminos, unapanda mlima mpaka sehemu wanaita Alaska (ndiyo, Alaska, na baridi yake unaielewa ukishusha kioo), unashuka Los Encuentros, halafu ukidhani umemaliza unakutana na mji wa Chimaltenango, na Jumapili mchana nusu ya nchi inarudi mjini kwa barabara hiyo hiyo. Hapo sijaweka msimu wa mvua, Mei mpaka Oktoba, udongo unaporomoka barabarani, wala siku ambayo wananchi wameamua kufunga njia kwa sababu wana madai yao na serikali. Masaa manne ukiwa na bahati, na Jumapili bahati hua haipo.

Ila barabara siyo kilichoniuma.

Aliyetupangia sisi ni jamaa mmoja, simtaji, mratibu wa safari za misheni wa kanisa tulilokuwa tunasali huku Texas, mtu wa "mi kule nimeenda mara kibao". Tulikuja kugundua mara kibao zake zote alikuwa anafikia hotelini Antigua, mji wa watalii, kanisani anaingia kupiga picha na watoto, anatoka. Kihispania chake ni gracias, yani asante, na kuulizia choo. Huyo ndo alitukalisha kikao akatuambia ibada inaanza saa tatu, saa tano imeisha, maana "hawa watu wa milimani wanapenda ibada fupi wawahi kulima". Kulima! Mpentekoste wa Guatemala, Jumapili, anawahi kulima! Na sisi watu wazima, wengine wachungaji wasaidizi, tukaitika kwa vichwa tukaandika kwenye notibuku.

Saa tatu kamili tukafika tukamkuta mzee anafuta viti na kijana anajaribu maiki, sí, sí, probando. Basi. Watu wakaanza kuingia saa tatu na nusu, wengine saa nne, wenyewe wanaita hora chapina, yani saa za Kiguatemala, na wanaitania kama sisi tunavyojitania na saa za Kiafrika. Na kila anayeingia hakai, anazunguka anampa mkono kila mtu, Dios le bendiga hermano, Dios le bendiga hermana, yani Mungu akubariki kaka, Mungu akubariki dada, mpaka watoto. Hiyo peke yake imekula nusu saa. Halafu sifa, na spika zile kwa ukumbi ule mdogo bati lilikuwa linatetemeka, halafu maombi ambapo wote wanaomba kwa sauti kwa pamoja, mi nimekulia Tukuyu kwa walokole nikajiona nimerudi nyumbani kabisa. Halafu shuhuda. Halafu wageni wakaitwa mbele mmoja mmoja, kila mtu na maiki, na tukaombwa wimbo wa kwetu. Wamarekani wakaangaliana. Nikabaki mimi na dada mmoja Mkenya, tukapiga pambio la Kiswahili, yeye kaanzia juu mimi chini, ila yule kijana wa ngoma akatukamata kwenye mstari wa pili na kanisa zima likawa linapiga makofi hata hawajui tunasema nini. Nilifurahi mno. Nikiangalia saa, saa sita kasoro, na mchungaji bado hajafungua Biblia.

Mratibu sasa. Anaangalia saa yake, anaangalia mlango, anaangalia karatasi. Mahubiri yamefika katikati akaanza kutuonyesha kidole, mmoja mmoja, tokeni. Na tukatoka! Tumeinama na mabegi mgongoni, mchungaji kanyamaza na maiki mkononi anatuangalia tunavyopita kwenye njia ya katikati, maana mlango ni mmoja tu ule wa nyuma, hakuna pa kujificha.

Nje ndo nikaona. Ubavuni mwa kanisa kuna banda la bati, moshi wa kuni, akina mama na zile huipil zao, blauzi za kufumwa kwa mkono, wanapiga tortilla, vile vichapati vya mahindi, kwa viganja, masufuria ya caldo de gallina, yani supu ya kuku wa kienyeji hasa, yule mgumu wa kuchemka tangu alfajiri, na viazi na karoti. Meza ndefu zimeunganishwa, na chini wametandaza majani ya msonobari sakafu nzima, yale mabichi yananukia, kule ukiona majani hayo chini ujue ni sherehe. Sherehe ya nani? Yetu. Sisi tunaopakia mabegi.

Kuna bibi mmoja akatoka jikoni anakimbia, kafunga tortilla kwenye kitambaa, kanipitishia dirishani zikiwa za moto nikaziweka mapajani. Akasema maneno mengi, yote K'iche', lugha ya Wamaya wa huko, maana wazee wengi wa kule Kihispania ni lugha ya pili, na mi simu yangu nimeishika inasubiri Kihispania. Sikuelewa kitu. Gari likaondoka.

Na ndege tukaikosa! Chimaltenango ilitushika mpaka giza likaingia, tumefika eapoti ya La Aurora kaunta wameshafunga. Kwa hiyo hata huo ushenzi wetu haukutusaidia kitu. Tiketi mpya zaidi ya dola mia tatu kila mtu, gesti ya karibu na uwanja, Jumatatu kazini hamna, bosi kanuna. Mratibu akasema "tungetoka mapema kidogo". Nilitoka nje nikapunge upepo maana nilikuwa namuombea mambo ambayo mlokole haombi.

Hizo hela nilishazisahau. Kesho yake yule mchungaji alimpigia simu dada Mkenya, yeye Kihispania anakijua. Hakulalamika. Aliuliza tu wametukosea wapi. Kama ni mahubiri yalikuwa marefu aseme, kama kuna chakula hatuli aseme, wakati mwingine watapika kingine. Dada anatutafsiria huku analia. Ndo tukaelewa kila nyumba ilichangia, huyu kuku, huyu mahindi, huyu kuni, na kuku wengine ni wale wa mayai, na kwao mgeni anakula kwanza ndo watoto wanafuata, kwa hiyo kuna watoto walikuwa wamesimama pale ukutani wanasubiri sisi tuanze. Na baada ya kula ndo kulikuwa na maneno ya kuaga, na maombi ya safari. Ibada kwao ilikuwa haijafika hata nusu. Mi Mnyakyusa jamani, nimekulia nyumba ambayo mgeni akiondoka bila kula mama anakaa na donge wiki nzima anajiuliza. Nilijua! Ila karatasi ilikuwa na nembo.

Kwa hiyo mkuu sheria ni moja: Jumapili kule haina kitu kingine baada ya ibada. Ndege Jumatatu. Usiniambie "tutawaomba wafupishe", watakubali kwa adabu halafu hawatafupisha, na sawa yao. Na usimuulize mratibu ibada inaisha saa ngapi, muulize mke wa mchungaji chakula kinaiva saa ngapi, jikoni ndo kwenye ratiba ya kweli. Kama ndege haibadiliki kabisa, basi waambieni wenyeji mapema, kabla hawajanunua kitu, muombe hicho chakula kihamie Jumamosi jioni, na Jumapili muage mwanzo wa ibada na siyo kuchomoka katikati kama tulivyofanya sisi.

Tulirudi mwaka mwingine, bila yule bwana, Jumapili nzima tumeiacha wazi, ndo nikajua nilikosa nini. Chakula kinakaliwa kama saa nane. Ukimaliza usinyanyuke kimya kimya, unasema muchas gracias kwa meza nzima na wote wanakujibu buen provecho, yani chakula kikushukie vizuri, hata kama hakuna aliyekupikia hapo. Unaletewa juisi ya rosa de Jamaica, unaonja unakuta ni rozela yetu ile ile. Halafu watoto wanakuvuta mpirani, na kwa kimo kile cha mlima dakika kumi tu mapafu yanaomba poo, walinicheka mpaka basi. Jioni jioni kahawa nyepesi na mikate ya sukari ya kuchovya, na hapo wazee ndo wanaanza kuongea. Mzee mmoja alikuwa kijana kule Chimaltenango wakati wa tetemeko la Februari 4, 1976, lile lililoua watu zaidi ya 20,000, akasimulia jinsi watu wa kanisa walivyokuja na mabati na mahindi kabla hawajaja na Biblia, na ukoo wake ukaingia kanisani kwa mlango huo. Mama mwingine kusikia nimetoka Houston akaingia ndani akatoka na picha ya mwanae, anaosha magari huko, miaka mingi hajamuona, akaomba nimrekodi kwenye simu nimtumie. Nikamrekodi. Alirudia kujirekodi kila akiona hakukaa vizuri kwenye kiti. Hakuna hata kimoja cha hivyo kilichosemwa madhabahuni, vyote ni sahani zikishaoshwa. Halafu, usichoke, jioni kuna ibada nyingine. Ndiyo, siku hiyo hiyo.

Yule bibi wa tortilla nilimuulizia. Alikuwepo. Kitambaa chake nilikuwa nimekifua nikakirudisha, akakikagua akakuta hakina shimo, akanipiga kofi la bega, akanijazia sahani. Ukikataa ya pili wanaongeza, kwa hiyo usinywe chai nzito asubuhi.

Haya maswali yako haraka haraka. Mavazi: akina dada sketi ndefu, wanaume shati la kola, na sweta, asubuhi ya Xela inauma kama Tukuyu mwezi wa saba. Kwenye baadhi ya makanisa wanaume wanakaa upande mmoja na wanawake mwingine, simama mlangoni sekunde mbili uangalie kabla hujajitupa kwenye kiti. Sadaka toa quetzal, hela ya kule, siyo dola, ukitoa dola umempa mhazini kazi ya kwenda kupanga foleni benki. Zawadi mpe mchungaji au akina mama wa jikoni wagawe wenyewe, usianze kurusha pipi kwa watoto nje ya kanisa, yule jamaa yetu alikuwa anafanya hivyo na mpaka leo naona aibu kwa niaba yake. Salamu ongea polepole, sema usted, ile "wewe" ya heshima kwa Kihispania, kwa kila mtu usijitie ushkaji, na uwe na pambio moja limekaa vizuri kichwani maana utaombwa tu.

Kuna kingine uliuliza nimekisahau na kwa hii simu siwezi kurudi juu bila kufuta nilichoandika, wadau wengine watakujibu. Mi nataka kujua tu hiyo tiketi umebadilisha au bado.