Ibada ya kila siku mwaka mpya ukiwa na msiba: anza na Zaburi

Dada yangu, pole sana kwa kufiwa na baba. Umesema kila Januari unaanza kusoma Biblia nzima, Februari unaacha, na sasa hata maneno ya faraja unayotumiwa kwenye simu hayakuingii. Nakujibu kwa yale niliyopitia.

Mpango wa Biblia nzima kwa mwaka ni mzuri, ila uweke kando kwanza. Biblia ina sura 1,189, yaani sura tatu au nne kila siku. Mwisho wa Januari umeshamaliza Mwanzo na Kutoka, uko kwenye Mambo ya Walawi, unasoma sheria za sadaka na ukoma huku moyo unalia. Mwaka mume wangu alipoachishwa kazi, ada za watoto zinadaiwa, mimi nilichukua Zaburi moja tu kila alfajiri kabla watoto hawajaamka. Ziko 150. Ukianza Januari mosi, mwishoni mwa Mei umezimaliza.

Iliyonishika ni Zaburi ya 13. Mistari sita tu, na inaanza kwa kumuuliza Mungu, "Hata lini utanisahau, hata milele?" Nimelelewa kuomba kwa kushukuru kwanza, hata kama moyoni hakuna shukrani. Kumbe kilio cha namna hii kimo ndani ya Maandiko yenyewe! Siku ile nilimwambia Mungu yote, kwa sauti, nikalia mpaka nikatulia. Halafu kuna ya 88, ambayo inaishia gizani kabisa, haina hata mstari wa kufungia kwa furaha. Ukiifikia usiiruke. Siku zako nyingine zitafanana nayo, na hizo nazo ni ibada.

Kwenye mkesha wa mwaka mpya utasikia sana Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Naipenda mno, lakini tafadhali anza mstari wa 4. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao hukohuko, kwa sababu itapita miaka 70. Maana yake wengi walioisikia barua ile walifia ugenini, na bado Mungu aliwaambia ana mawazo ya amani juu yao. Mimi hilo lilinitia nguvu kuliko ahadi yoyote ya kufunguliwa milango kabla ya Pasaka, maana mume wangu hakupata kazi mwaka ule. Tulilima mchicha nyuma ya nyumba, tukauza, tukala. Tumaini halikuondoka nyumbani kwetu.

Maombolezo 3 nayo isome yote. "Ni mpya kila siku asubuhi" imeandikwa na mtu anayeililia Yerusalemu iliyobomolewa, mji wenye njaa na maiti. Anajua unachopitia.

Soma kwa sauti. Ukikosa siku, usirudi nyuma kulipa deni, soma ya siku hiyo. Na kama mama yupo karibu, msome pamoja, hata kwa simu, maana yeye naye amefiwa na huenda hana wa kulia naye. Mwachie yeye asome, wewe usikilize. Ukikwama mahali niandikie, nami naanza upya Januari mosi, tutakuwa kwenye Zaburi ileile.